Mshahara na ajira baada ya chuo cha bahari: maswali yanayoulizwa Tanga

Maswali haya hurudi kila msimu wa udahili. Yanaletwa na vijana wa Ngamiani, Chumbageni, Sahare na Pangani, na zaidi yanaletwa na wazazi, kwa kuwa wao ndio wanaouza mnazi na mbuzi kulipa ada. Pale watu wanapoumia zaidi tumejibu kwa kirefu.

Nikimaliza chuo, naanza kulipwa kama afisa wa meli?

Bado. Cheti cha chuo kinasema umesoma. Kinachokuruhusu kushika zamu, iwe darajani (chumba cha juu cha kuongozea meli) au kwenye chumba cha injini, ni cheti cha umahiri, ambacho mabaharia wenyewe wanakiita COC. Kwa Tanzania Bara kinatolewa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), na kwa Zanzibar kinatolewa na Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar. Chuo hakikitoi, hata kiwe chuo kizuri namna gani.

Baina ya vyeti hivyo viwili kuna muda wa baharini. Mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, STCW, wa mwaka 1978, uliofanyiwa marekebisho makubwa Manila mwaka 2010, unamtaka afisa wa zamu wa sitaha awe na miezi isiyopungua 12 melini ndani ya programu iliyoidhinishwa, na miezi 6 katika hiyo awe ameshika zamu darajani chini ya usimamizi. Asiyepitia programu iliyoidhinishwa anadaiwa miezi 36. Kwa mhandisi ni miezi 12 inayochanganya karakana na meli, angalau 6 ikiwa ya chumba cha injini baharini. Nje ya programu ni 36, na 30 kati yake iwe ndani ya idara ya injini. Ukishatimiza hapo ndipo unapokaa mbele ya mtahini.

Hiyo tofauti ya 12 na 36 ndiyo inayoamua maisha ya wengi. Kijana anahitimu, anakosa nafasi ya ukadeti (uanafunzi wa uafisa melini), anapanda meli yoyote kwa kazi yoyote, na baada ya mwaka anashangaa kuambiwa bado miwili. Kwa hiyo kabla ya kulipa ada, uliza chuoni mambo mawili na usiondoke bila jibu: programu hii imeidhinishwa kwa cheti gani cha umahiri, na kitabu cha mafunzo ya melini kinatolewa lini?

Kuna mtego mwingine hapo. Kozi za usimamizi wa usafirishaji wa meli na lojistiki zinafundishwa katika chuo hicho hicho cha bahari, na wanafunzi wake huvaa sare zile zile nyeupe, lakini hazikupeleki kwenye cheti cha umahiri. Zinakupeleka ofisini. Ni kozi nzuri kwa anayeitaka ofisi. Kwa aliyetaka unahodha ni miaka mitatu iliyopotea.

Mwanangu ana kidato cha nne. Aanze na stashahada au asubiri shahada?

Kwa cheti cha umahiri cha ngazi ya kwanza, meli haiulizi sana kama ulikuwa na stashahada au shahada. Inauliza cheti, muda wa baharini na Kiingereza. Mwenye ufaulu mzuri wa Hisabati, Fizikia na Kiingereza wa kidato cha nne akianza Chuo cha Bahari Dar es Salaam (DMI) kwa ngazi za chini na kupanda, anaweza kufika melini mapema kuliko mwenzake aliyepitia kidato cha sita. Shahada inakuja kuwa na uzito baadaye, mtu anapotaka kushuka na kufanya kazi ya ukaguzi wa meli, ualimu au ya mamlaka ya serikali.

Lakini kabla ya fomu, mpeleke mtoto akapimwe macho. Kwenye jibu la afya hapo chini tumeeleza kwa nini.

Mshahara wa baharia ni kiasi gani hasa?

Tuanze na sakafu. Shirika la Kazi Duniani (ILO) lina kima cha chini cha mshahara wa msingi wa baharia kamili wa sitaha, yule anayeitwa AB: dola 673 kwa mwezi kuanzia Januari 2025, 690 kuanzia Januari 2026, 704 kuanzia Januari 2027 na 715 kuanzia Januari 2028. Hiyo ni ya msingi tu, kwa wiki ya saa 48. Chukua dola 690 uifungue:

Saa za kawaida za mwezi ni 208. Muda wa ziada hulipwa kwa mara moja na robo, kwa uchache. Mkataba wenye saa 104 za ziada zilizohakikishwa unaongeza dola 431.25. Likizo ni siku 2.5 kwa kila mwezi wa kazi, ambayo ni dola 57.50. Jumla ni dola 1,178.75 kwa mwezi.

Sasa tazama mkataba wenyewe. Mtu anakuambia "napata dola elfu moja na mia moja" na hasemi kama ni ya msingi au ya jumla. Karatasi ya mkataba huwa na mistari minne: msingi, muda wa ziada, fedha ya likizo, jumla. Ukiona mstari mmoja tu ulioandikwa jumla, uliza msingi ni kiasi gani. Fidia na hesabu nyingi hujengwa juu ya ule wa msingi, na mwajiri mjanja huupunguza huku jumla ikibaki inapendeza.

Jambo la pili linalosahaulika ni kwamba mikataba mingi hulipa ukiwa melini tu. Ukifanya miezi 9 kwa dola 1,178.75 unapata 10,608.75 kwa mwaka. Gawanya kwa 12, unabaki na dola 884 kwa mwezi. Hiyo ndiyo namba ya kupigia hesabu ya kodi ya nyumba na ada za wadogo zako.

Kwa maafisa, soko ndilo linalopanga. Afisa wa tatu kwenye meli za shehena ya kichele au makontena za kampuni zenye heshima kwa kawaida huanzia dola 2,000 na kwenda hadi 3,500 kwa mwezi. Afisa mkuu na mhandisi wa pili huwa kati ya 5,000 na 8,000. Nahodha na mhandisi mkuu ni 8,000 hadi 12,000, na meli za mafuta na gesi hupanda zaidi kwa sababu zinadai vyeti vya ziada na makosa yake hayana msamaha. Meli ndogo kuukuu za ukanda, zinazozunguka kati ya Ghuba, Somalia na pwani yetu, hulipa pungufu sana ya hapo, na ndizo zinazochukua vijana wengi wasio na uzoefu.

Na kadeti je, analipwa?

Analipwa posho. Kwa kampuni za nje huwa dola 300 hadi 600 kwa mwezi pamoja na chakula na malazi. Kwa meli za ndani ni kidogo zaidi, na nyingine hazitoi kitu. Kadeti haendi kutafuta hela. Anakwenda kutafuta saa za zamu na sahihi kwenye kitabu chake. Kampuni inayokupa posho ndogo lakini inakuweka darajani kila siku ni bora kuliko inayokulipa vizuri ikikugeuza mpaka rangi wa miezi 12.

Sina mjomba kwenye meli. Muda wa baharini nitaupata wapi?

Hapa ndipo njia inapobana, na hatufichi. Meli zenye bendera yetu zinazoweza kubeba kadeti ni chache kuliko wanafunzi. Wanaofanikiwa wana mambo wanayofanana.

Wanaanza mwaka wa kwanza. Kozi za usalama wa msingi wanazifanya mapema: kujiokoa majini, kuzuia na kuzima moto, huduma ya kwanza, usalama binafsi na wajibu wa kijamii, pamoja na ile ya uelewa wa ulinzi wa meli. Pasipoti ya Sh150,000 wanaichukua wakiwa bado wanasoma. Kitabu cha baharia vilevile. Kampuni ikitafuta kadeti saa nane mchana, inamchukua ambaye karatasi zake zimekamilika saa nane mchana. Anayesema "nipe wiki mbili" anapitwa.

Wanafanya mtihani wa Kiingereza cha baharini, Marlins ndio unaoulizwa zaidi, na wanaurudia mpaka alama ipande. Mtoto wa Tanga aliyesoma shule za kata huangushwa na sehemu ya kusikiliza kuliko sarufi. Dawa yake ni masikio: sikiliza mawasiliano ya redio ya meli, jifunze misemo ya kawaida ya mawasiliano ya baharini kwa sauti, na mwenzako akujibu.

Wanatuma maombi kwa kampuni zinazosimamia meli moja kwa moja, wakiambatanisha faili moja la PDF lenye karatasi zote kwa mpangilio, na jina la faili likiwa jina lao pamoja na nafasi wanayoomba. Picha kumi zilizopigwa kwa simu juu ya kitanda hazifunguliwi.

Mwisho, hawachagui meli ya kwanza kwa uzuri wake. Meli za abiria na mizigo za Dar es Salaam, Unguja, Pemba na Tanga ni za baharini, na muda wake ukiandikwa vizuri una thamani. Uliza tu mamlaka inayotoa vyeti, kabla hujapanda, kama meli hiyo kwa ukubwa wake na safari zake itahesabiwa kwa cheti unachokitaka.

Nimefanya miaka mitano kwenye jahazi la Tanga–Wete. Hiyo si bahari?

Ni bahari, tena ngumu. Lakini haihesabiwi. Mkataba wa STCW umeziweka nje manowari, meli za uvuvi, yoti za starehe zisizofanya biashara, na vyombo vya mbao vya muundo wa asili. Jahazi, mashua na ngalawa vimo humo. Kivuko cha Pangani kwenda Bweni nacho ni cha maji ya ndani, hakikupi muda wa bahari kuu.

Tunajua inauma kumwambia hivyo mtu aliyevuka mkondo wa Pemba kwenye kusi akiwa na kumi na sita tu. Ujuzi wake haupotei: hatapiki siku ya kwanza, anajua kufunga fundo gizani, anaona upepo unageuka kabla ya mwenzake. Kwenye ukadeti atang'ara. Hesabu ya karatasi tu ndiyo inayoanza upya.

Anayetaka kubaki kwenye uvuvi ana njia yake tofauti: Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi (FETA), kampasi ya Mbegani, Bagamoyo. Vyeti vya meli za uvuvi vina mkataba wake, STCW-F wa 1995. Usivichanganye ukidhani kimoja kitageuka kingine.

Kwa nini karatasi za muda wa baharini zinakataliwa?

Kwa mambo madogo yanayotia hasira. Siku ya kushuka meli kila mtu ana haraka, nahodha anaandika barua ya huduma mezani huku wakala anasubiri kwenye boti, na kadeti anaikunja anaiweka mfukoni bila kuisoma. Miezi mitatu baadaye anarudishwa dirishani.

Shika karatasi hiyo mkononi kabla hujashuka ngazi, uisome hivi. Jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Kwetu hili ni balaa: kitabu kinasema Athumani, pasipoti inasema Othman, cheti cha shule kinasema Athuman. Tarehe ya kupanda na ya kushuka zilingane na mihuri ya kitabu cha baharia. Siku moja ikipishana inatosha kuleta maswali. Namba ya IMO, yaani namba ya utambulisho wa meli, na ukubwa wa meli kwa tani jumla viwepo, na kwa mhandisi nguvu ya injini kwa kilowati, kwa kuwa cheti cha mhandisi wa zamu kinaanzia injini ya kilowati 750. Iandikwe ulishika zamu darajani au injini kwa miezi mingapi. Neno "kadeti" peke yake halisemi hivyo. Kisha sahihi ya nahodha, au ya mhandisi mkuu kwa upande wa injini, na muhuri wa meli. Piga picha hapo hapo uitume nyumbani. Nahodha akishahamia meli nyingine, kumpata ni kazi.

Na kitabu cha mafunzo kisainiwe kila wiki. Afisa anayeombwa asaini kazi 60 usiku wa mwisho atakataa, na ana haki ya kukataa.

Vipimo vya afya vinaangusha watu kwa nini?

Macho, kwa sehemu kubwa. Miwani si tatizo ikiwa uoni unarekebishika ndani ya kiwango. Tatizo ni rangi. Utaonyeshwa kurasa za vidoto vya rangi na ndani yake kuna namba. Asiyetofautisha nyekundu na kijani haoni namba, au anaona nyingine. Usiku baharini taa nyekundu ni ubavu wa kushoto wa meli na ya kijani ni wa kulia; ukizichanganya unaigeukia meli badala ya kuikwepa. Kwa hiyo hakuna huruma kwenye kipimo hiki, na upofu wa rangi hautibiki kwa dawa. Wapo vijana waliogundua hili mwaka wa tatu, ada ikiwa imeshakwenda. Hospitali ya Bombo ina kitengo cha macho. Nenda kabla ya fomu.

Cheti cha afya cha baharia hudumu miaka 2 kwa mtu mzima na mwaka 1 kwa aliye chini ya 18. Kozi za kujiokoa majini na za moto hurudiwa kila miaka 5. Cheti kikibakiza miezi miwili na mkataba ni wa miezi tisa, hupandi.

Bandari imepanuliwa na bomba la mafuta linakuja Chongoleani. Kazi si zitatukuta hapa hapa?

Baadhi, ndiyo. Ila zijue ni zipi.

Zamani meli zilitia nanga nje, umbali wa kilomita 1.7, na mzigo ukaletwa kwa tishali zinazovutwa. Sasa gati lenye urefu wa mita 450 limechimbwa hadi kina cha mita 13 na meli zinafunga zenyewe. Kazi ya tishali imepungua. Imeongezeka ya boti za kuvuta meli, ya rubani wa bandari anayeongoza meli kuingia na kutoka, ya kufunga kamba, na ya mitambo ya kupakua. Kwa kazi za Mamlaka ya Bandari (TPA), fuatilia matangazo ya Sekretarieti ya Ajira na ujaze wasifu wako kwenye mfumo wake kabla tangazo halijatoka, kwa kuwa muda wa maombi ni mfupi.

Bomba lina kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, na linaishia kwenye matangi manne ya mapipa 500,000 kila moja kwenye rasi ya Chongoleani, pamoja na gati la kupakia meli. Vijana wengi wanasoma habari hiyo wakidhani meli za mafuta zitaajiri Tanga. Meli ya mafuta inakuja na watu wake zaidi ya ishirini, inapakia, inaondoka nao. Kinachobaki pwani ni boti za kuvuta na kusindikiza, boti za kamba, marubani, waendeshaji wa gati, mafundi wa pampu na vifaa, wazima moto na kikosi cha kudhibiti mafuta yakimwagika. Kwa hizo, mhandisi wa meli mwenye cheti cha injini na kozi ya msingi ya meli za mafuta ana nafasi nzuri kuliko mwenye shahada tupu. Cheti cha chombo kidogo, chini ya tani 500 na kwa safari za karibu na pwani, kinafaa kwa boti hizi na hupatikana mapema.

Rubani ni hadithi ya mbali: huwa ni mtu aliyekwisha kuwa nahodha au afisa wa juu. Usimwahidi mama.

Wakala anataka milioni mbili anitafutie meli Dubai. Nilipe?

Usilipe. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, maarufu kama MLC, unakataza wakala wa ajira kumtoza baharia ada ya kumpatia kazi, kwa njia ya wazi au ya kuzunguka. Gharama zinazoweza kuwa zako ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Viza ni ya mwenye meli. Tiketi ya kupanda meli pia.

Vishoka wanajua hilo, hivyo hawaiiti ada. Wanaiita "viza", "bima", "kufungua faili". Halafu wanakusafirisha kwa viza ya utalii, unakaa chumba cha watu kumi na wawili, na meli haipo.

Omba namba ya IMO ya meli kabla ya mazungumzo mengine. Ina tarakimu 7 na ya saba inatokana na sita za mwanzo. Chukua 9074729: zidisha 9 kwa 7, 0 kwa 6, 7 kwa 5, 4 kwa 4, 7 kwa 3, 2 kwa 2. Unapata 63, 0, 35, 16, 21 na 4. Jumla 139. Tarakimu ya mwisho ya jumla ni 9, na ya saba kwenye namba ni 9. Imekubali. Namba ya kutunga mara nyingi huanguka hapa, na hesabu yake unaifanya nyuma ya bahasha huku wakala anakutazama. Ikikubali, itafute kwenye Equasis, tovuti ya taarifa za meli, ambayo ni bure ukijisajili. Utaona jina la meli, bendera, mwenye nayo, msimamizi, na mara ngapi imezuiwa bandarini baada ya kukaguliwa. Meli iliyozuiwa mara nne kwa miaka mitatu inakwambia chakula chake kikoje.

Halafu omba mkataba usainiwe kabla ya safari, wenye jina la mwenye meli, mshahara kwa mistari yake, muda, na haki ya kurudishwa nyumbani.

Kama meli haitulipi?

Miezi miwili bila mshahara, kisheria inahesabika mmetelekezwa. Vivyo hivyo ikiwa mwenye meli hagharamii kuwarudisha au hawapi chakula, maji na mafuta. Meli inayofuata MLC inatakiwa kuwa na cheti cha dhamana kimebandikwa mahali mabaharia wanapokiona, na dhamana hiyo hulipa hadi miezi minne ya mishahara na gharama za kurudi. Soma jina na simu ya mdhamini siku ya kwanza uliyopanda, uiandike kwenye daftari lako. Wakaguzi wa shirikisho la kimataifa la wafanyakazi wa usafirishaji, ITF, hushughulikia mambo haya.

Weka nakala za karatasi za mshahara na orodha yako ya saa. Mapumziko ni saa 10 kwa kila saa 24 na 77 kwa siku 7. Ukisaini saa za kupumzika ambazo hukuzipata, umejinyima ushahidi.

Na usikae miezi mitano ukingoja kwa sababu nahodha ni mtu mwema. Wema wa nahodha haulipi.

Binti yangu anataka kusoma ubaharia. Tumruhusu?

Ripoti ya BIMCO, chama cha kimataifa cha wenye meli, na Chemba ya Kimataifa ya Meli ya mwaka 2021 ilihesabu mabaharia milioni 1.89 duniani, na wanawake walikuwa asilimia 1.28 tu. Ripoti hiyo hiyo ilisema hadi 2026 dunia itahitaji maafisa 89,510 zaidi. Nafasi zipo, na kampuni kubwa zinawatafuta wasichana kwa makusudi.

Maswali ya kuuliza ni ya vitendo: chumba chake kina komeo la ndani na choo chake? Kuna mwanamke mwingine melini? Malalamiko yanapelekwa kwa nani nje ya meli? Kuanzia Januari 2026 kozi ya usalama binafsi inatakiwa kufundisha kuzuia ukatili na unyanyasaji wa kijinsia, hivyo hata wenzake wa kiume wanapaswa kuwa wamefundishwa. Mzazi anayemzuia kwa sababu ya uzito wa kazi aende akaone chumba cha injini cha siku hizi: vitu vizito vinainuliwa kwa winchi, na anayehitajika ni mwenye kichwa kilichotulia saa tisa usiku king'ora kinapolia.

Kutoka afisa wa tatu hadi nahodha ni miaka mingapi?

Kwa meli za tani 3,000 na zaidi, mkataba wa STCW unataka miezi 12 ya ofisa wa zamu kwa cheti cha afisa mkuu, na miezi 36 kwa unahodha, ikishuka hadi 24 kama 12 ulifanya kazi ya afisa mkuu. Hiyo ni miezi ya melini, siyo ya kalenda. Ukiongeza likizo, masomo na kusubiri nafasi, miaka 8 hadi 12 ni mwendo wa kawaida.

Mkopo wa HESLB unalipwaje ukiwa baharini?

Urejeshaji unaanza miezi 24 baada ya kumaliza masomo. Mwajiriwa wa nchini hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Baharia wa meli ya nje hana anayemkata, basi deni linakaa tu. Omba namba ya malipo kabla hujasafiri, na umwachie mtu nyumbani maelekezo ya kulipa kila mwezi kutoka kwenye fungu la familia.

Fungu la familia ndiyo nini?

Ni sehemu ya mshahara unayoiagiza kampuni iitume moja kwa moja kwenye akaunti ya nyumbani. Fomu yake hujazwa siku ya kusaini mkataba. Andika jina la akaunti kama benki inavyolijua, na namba ya SWIFT ya tawi. Fedha ikirudi kwa kosa la herufi, marekebisho huchukua mwezi mzima, na mke au mama ndiye anayekopa dukani.

Bahari ikinishinda, nchi kavu kuna nini?

Uwakala wa meli, uwakala wa forodha, ukarani wa kuhesabu shehena, usimamizi wa gati, ukaguzi wa meli na mizigo, bima ya baharini. Mishahara ni ya shilingi na huanzia chini sana ya ile ya melini, lakini unalala kwako Chumbageni. Mhandisi wa meli ana njia pana zaidi: jenereta, boila, pampu na majokofu vipo kwenye viwanda vya saruji, hotelini na hospitalini, na ujuzi ni ule ule.

Nimepigiwa simu, napanda meli keshokutwa. Nibebe nini?

Vyeti halisi kwenye mkoba wa mkononi, kamwe kwenye begi la kupakia ndege; nakala mbili; pasipoti yenye uhai wa miezi isiyopungua 6 zaidi ya mkataba; kadi ya homa ya manjano; kitabu cha mafunzo; mkataba uliosainiwa na barua ya mwaliko wa mwenye meli. Viatu vya usalama vya saizi yako, kwa kuwa vya melini huenda visikutoshe. Dawa unazotumia pamoja na karatasi ya daktari. Dola 100 za noti ndogo. Tochi ndogo. Kalamu tatu za wino mweusi, maana daftari la meli haliandikwi kwa penseli.